Matengenezo ya lori: kwa wakala, gereji bubu au katika yadi ya mwenyewe?

MMILIKI wa lori anayepokea kwa mara ya kwanza ankara ya matengenezo kutoka kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari lake huisoma mara mbili. Kwanza hutazama jumla iliyoandikwa chini. Kisha hurudi juu, mstari kwa mstari, akijiuliza ni kipi kati ya oili, filta na saa za fundi ambacho asingekipata Gerezani kwa bei nafuu na kukifunga katika yadi yake Tabata au Mbagala.

Swali hilo ni la haki, na limewafanya wasafirishaji wengi wa Dar es Salaam, hasa wenye gari moja hadi tano, kuachana na wakala mara tu muda wa dhamana unapokwisha. Wengine hawajawahi kumfikia kabisa, kwa kuwa malori yao yalinunuliwa yakiwa yamekwishatumika Ulaya au Japani na hayakuja na dhamana yoyote.

Hata hivyo, ankara ya wakala ni sehemu moja tu ya hesabu. Sehemu nyingine haiandikwi popote: siku ambazo lori limesimama, dizeli inayoungua bila sababu, injini inayofunguliwa kabla ya wakati wake, na breki zinazokataa kushika katika mteremko wa Kitonga. Anayeamua kulihudumia lori mwenyewe hana budi kuzihesabu zote, kwa kuwa kuanzia siku hiyo zote ni zake.

Kilichomo ndani ya ankara

Matengenezo ya kawaida, ambayo wengi huyaita sevisi, yana mambo manne: oili na vimiminika vingine, filta na vipuri vidogo, malipo ya kazi, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18.

Katika lori kubwa, oili peke yake hula sehemu nene ya fedha hizo. Injini yenye ujazo wa lita 12 au 13, ambayo ndiyo ya kawaida katika vichwa vya kuvuta tela, hubeba oili kati ya lita 30 na 40, na nyingine huzidi hapo. Ni kiasi kinachoweza kujaza injini za magari madogo manane au zaidi.

Malipo ya kazi ndiyo yanayolalamikiwa kuliko yote. Kwa kawaida wakala hatozi kwa saa ya ukutani. Watengenezaji hutoa orodha inayoonyesha kila kazi inastahili kuchukua saa ngapi, na mteja hulipia saa hizo hata fundi akimaliza mapema. Akichelewa, hasara ni ya karakana. Ndani ya bei ya saa moja mna mshahara wa fundi, kodi ya jengo, mafunzo, zana maalumu, leseni za programu za kompyuta, na ahadi kwamba kazi ikiharibika itarudiwa bila malipo.

Kwa kazi ya kubadili oili, vingi kati ya vitu hivyo havihitajiki. Fundi mwenye spana sahihi, beseni la kupokelea oili chakavu na mahali palipo tambarare anaweza kuimaliza kwa nusu siku akisaidiwa na utingo. Mmiliki anayenunua oili kwa pipa la lita 200 na ushei hupata sevisi tano za injini ya lita 40 kwa bei ya jumla. Hapa ahueni ni ya kweli.

Kuna faida nyingine ambayo wengi huisahau. Lori husimama hata hivyo: likisubiri mzigo bandarini, likisubiri nyaraka, au dereva akipumzika baada ya safari ndefu. Sevisi inayofanyika katika siku hizo haipotezi siku hata moja ya kazi, ilhali kumfikia wakala kunahitaji miadi, foleni na safari ya kwenda na kurudi katika msongamano wa Barabara ya Nyerere.

Upande wa kodi, lakini, mizani huinamia kwa wakala. Risiti yake ya mashine ya kielektroniki humwezesha msafirishaji aliyesajiliwa kudai kodi aliyolipa kwenye manunuzi na kuthibitisha gharama zake wakati wa mahesabu ya mwaka. Fundi wa gereji bubu kwa kawaida hana mashine hiyo. Bei yake ni ndogo, lakini kwa mfanyabiashara anayelipa kodi tofauti hupungua kuliko inavyoonekana.

Kilomita, si mazoea

Kosa la kwanza la wanaojihudumia wenyewe ni kubadili oili kwa kutazama rangi yake. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi baada ya muda mfupi tu kwa sababu ya masizi, na weusi huo hauonyeshi kwamba imekwisha. Kinachokwisha ni viungo vilivyochanganywa ndani yake, hasa vile vinavyopambana na asidi na vile vinavyoyazuia masizi yasigandamane. Hilo halionekani kwa macho. Hupimwa maabara au hukadiriwa kwa kilomita.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni takriban kilomita 930. Lori linalokwenda Lubumbashi na kurudi hutembea karibu kilomita 4,000, na likifanya safari mbili kwa mwezi linafikisha 8,000. Likipangiwa kubadilishwa oili kila kilomita 20,000, maana yake ni kila baada ya miezi miwili na nusu, si "mwisho wa mwezi" wala "tukipata fedha".

Watengenezaji hupanga vipindi kulingana na kazi. Kichwa cha tela kinachokimbia kwenye lami kwa mwendo wa wastani huruhusiwa kilomita nyingi zaidi kuliko tipa linalobeba kokoto, linalotembea polepole na kuunguruma saa nzima likisubiri kupakiwa. Kwa tipa, kilomita hudanganya. Saa za injini ndizo kipimo bora.

Ubora wa dizeli nao huingia katika hesabu. Salfa iliyomo katika mafuta huzalisha asidi inayokula viungo vya oili, na ndiyo maana vitabu vya zamani viliagiza vipindi vifupi barani Afrika. Tangu mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Faida hiyo anaipata anayejaza kituoni. Dereva anayenunua kwenye madumu kando ya barabara hajui alichokitia tangini, na mwajiri wake hajui zaidi.

Kuhusu aina ya oili, maandishi ya 15W-40 yanayoonekana kwa herufi kubwa kwenye dumu hueleza uzito wake tu, wala si ubora. Ubora wa oili za dizeli husomwa kwenye alama ndogo kama CH-4, CI-4 au CK-4. Malori mapya yenye kichujio cha masizi katika bomba la moshi hutaka oili yenye majivu machache, na ukiyawekea oili ya kawaida kichujio hicho huziba mapema.

Anayenunua oili ya bei ya chini na kuibadili kila kilomita 10,000 hujiona mwangalifu. Kwa injini ya lita 40, anatumia lita 4 kwa kila kilomita 1,000. Mwenzake anayetumia oili bora kwa kilomita 20,000 hutumia lita 2, filta nusu, na saa za fundi nusu. Ni lazima ile ya kwanza iwe chini ya nusu ya bei ya pili ndipo kuwe na nafuu, na mara nyingi haiwi.

Fedha inayotoka kwenye bomba la moshi

Fedha nyingi zaidi hupotea mahali ambapo hakuna anayezitafuta. Chukulia kichwa chenye tela lililojaa kinachotumia lita 45 za dizeli kwa kila kilomita 100. Safari ya Tunduma na kurudi, kilomita 1,860, itahitaji takriban lita 837. Filta ya hewa iliyoziba, nozeli zilizochakaa, matairi yenye upepo pungufu na breki inayobana kidogo gurudumu moja vikiongeza matumizi kwa asilimia 5 tu, ni lita 42 zaidi kwa safari moja.

Lita 42 ni nyingi kuliko oili yote ya injini hiyo. Lita moja ya oili ni ghali kuliko ya dizeli, ni kweli, lakini safari chache za namna hiyo humaliza kiasi ambacho mmiliki anadhani amekiokoa kwa kuahirisha sevisi. Kinachosikitisha ni kwamba katika biashara nyingi ongezeko hilo huhesabiwa kuwa wizi wa dereva. Wizi upo, lakini lori bovu nalo hunywa, na dereva mwaminifu hufukuzwa kwa kosa la filta.

Filta ya hewa inastahili neno la ziada. Ni kawaida fundi kuitoa, kuigonga chini na kuipuliza kwa upepo wa kompresa. Karatasi yake ikichanika kwa tundu lisiloonekana, vumbi la barabara ya changarawe huingia moja kwa moja kwenye silinda na kuzisaga ringi na kuta zake. Malori mengi yana kiashirio cha kuonyesha filta inapozidi kuziba. Kinapoonyesha, filta hubadilishwa.

Yanayofaa kufanywa yadini

Mbali ya oili na filta zake, kazi nyingi za kila wiki hazihitaji wakala kabisa. Kupaka grisi kwenye kingipini, misalaba ya propela shafti, springi na sahani ya kuungia tela ni kazi ya bomba la grisi na mtu asiye mvivu. Kukagua mikanda, mipira ya maji na ya upepo, kukaza nati za magurudumu, kupima upepo wa matairi kwa geji badala ya kuyagonga kwa nyundo, vyote ni vya dereva na utingo kabla ya safari.

Chujio linalotenganisha maji na dizeli hufunguliwa chini asubuhi, kabla injini haijawashwa, maji yaliyotuama yamwagike. Ni kazi ya dakika mbili. Katika injini za kisasa shinikizo la dizeli kwenye nozeli huweza kuzidi bar 2,000, karibu mara 250 ya upepo wa tairi la lori, na vipande vinavyosuguana humo vimechongwa kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Tone la maji huvikwaruza. Seti ya nozeli za injini ya silinda sita ni miongoni mwa vitu vya bei ya kutisha katika duka lolote la vipuri.

Jambo jingine ni maji ya rejeta. Kujaza maji ya mto au ya kisima limekuwa jambo la kawaida njiani, na madereva wengi hawaoni ubaya wake. Lakini katika injini nyingi za malori maji huzunguka yakigusa moja kwa moja nje ya silinda. Silinda inapotetemeka, vipovu vidogo hutokea na kupasuka juu ya chuma, na baada ya muda huchimba vitundu hadi maji yapenye kwenye oili. Kimiminika maalumu cha kupozea huweka utando unaouzuia uharibifu huo. Maji matupu hayana kinga hiyo, na yale yenye chumvi huziba rejeta juu yake.

Oili chakavu isimwagwe mtaroni. Kwa yadi inayohudumia magari kadhaa, pipa lenye kifuniko na mkusanyaji anayetambulika ni lazima.

Ambapo spana hazitoshi

Kwa Fuso za zamani zenye pampu ya kimakanika, fundi mzoefu huweza kugundua hitilafu kwa kusikiliza mlio na kutazama rangi ya moshi. Maarifa hayo si ya kudharauliwa. Lakini malori makubwa ya Ulaya yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990 yalianza kuendeshwa kwa kompyuta, na katika mapya hata gia, breki na sasipensheni zimeunganishwa humo. Taa ya tahadhari inapowaka, kubahatisha ni ghali kuliko kupima.

Ni hapa ambapo gereji bubu humgharimu mteja bila kumtoza. Fundi asiye na mashine ya kupimia hubadili kihisi kimoja, kisha cha pili, kisha pampu, na kila kipuri kilichokuwa kizima hulipiwa na mwenye gari. Mashine za bei nafuu zinazouzwa mtaani husoma namba za hitilafu na kuzifuta, lakini nyingi haziwezi kuweka mipangilio ya nozeli mpya wala kupima silinda moja moja. Kuifuta namba bila kuiondoa hitilafu ni sawa na kuitoa balbu ya taa inayowaka.

Kupima nafasi za valvu, kukarabati gia boksi, kurekebisha difu na kazi za pampu na nozeli pia ni za watu wenye vipimo. Si lazima wawe wakala. Dar es Salaam ina karakana binafsi zinazojishughulisha na pampu za dizeli peke yake au gia boksi peke yake, na baadhi zina mafundi waliofundishwa na mawakala kabla ya kujitegemea. Kwa lori ambalo dhamana yake imekwisha, hiyo mara nyingi ni njia ya kati iliyo bora kuliko ncha zote mbili.

Zipo pia kazi ambazo hazipaswi kabisa kufanywa na asiyezijua, hata kama kipuri ni cha bei rahisi. Chemba ya hendibreki ina ndani yake springi nene iliyobanwa kwa nguvu kubwa sana, na kuifungua kwa spana na nyundo kumeua mafundi sehemu mbalimbali duniani. Tairi lenye rimu ya ringi hujazwa upepo ndani ya kizimba cha chuma, si huku mtu amelikalia. Bodi ya tipa iliyoinuliwa hukingwa kwa nguzo kabla ya mtu kuingia chini. Haidroliki peke yake si nguzo.

Mteremko wa Kitonga

Anayetoka Iringa kuelekea Morogoro huushuka mlima wa Kitonga kwa kona zinazofuatana, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Mbeya nako kuna miteremko, ukiwamo wa Iwambi na ule wa Mlima Nyoka, ambako ajali za malori yaliyokosa breki zimetokea mara kwa mara na kuua watu waliokuwa kwenye magari mengine. Uzito wa juu unaoruhusiwa kwa lori na tela lake katika nchi za Afrika Mashariki ni tani 56, kwa mujibu wa sheria ya jumuiya ya udhibiti wa uzito ya mwaka 2016 ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Katika mteremko, tani hizo zote zinazuiwa na viatu vya breki na dramu zake, zikisaidiwa na breki ya injini.

Breki za upepo haziharibiki ghafla kama inavyosimuliwa baada ya ajali. Kiatu kinapolika, chemba hulazimika kusukuma mkono wake mbali zaidi ili kiguse dramu. Dramu inapopata moto hupanuka, na mkono husogea mbali zaidi tena. Breki iliyokuwa karibu na mwisho wa mwendo wake ikiwa baridi hufika mwisho ikiwa moto, na hapo dereva akikanyaga hakuna kinachotokea. Kwenye tambarare ya Chalinze lori hilohilo lilisimama vizuri kabisa.

Kuupima mwendo wa mkono huo kunahitaji rula, chaki na mtu wa pili wa kukanyaga breki, matairi yakiwa yamekingwa kwa vigingi. Ni kazi ya yadini na haina gharama yoyote ya kutajika. Gurudumu kwa gurudumu, pamoja na tela. Tela ndilo linalosahauliwa, kwa sababu halina injini, halina dereva wake na hupelekwa kwa wakala kwa nadra.

Malori ya kisasa yana vifaa vinavyorekebisha nafasi ya breki vyenyewe. Kikionekana kimoja kinahitaji kurekebishwa kwa mkono kila wiki, basi kimekufa au kuna hitilafu mahali pengine katika gurudumu hilo. Kukizungusha tu na kuondoka ni kuuficha ugonjwa. Hali kadhalika, matangi ya upepo yakifunguliwa na kutoa maji mengi au oili, kikaushio cha hewa kimekwisha au kompresa imechakaa, na valvu zote za breki zimo hatarini.

Kama kuna kipengele kimoja ambacho mwenye lori hapaswi kukifanyia uchumi, ni hiki. Viatu vya breki vya bei ya chini kuliko vyote vinaweza kushika vizuri vikiwa baridi na kupoteza nguvu vikipata moto, na hakuna namna ya kulijua hilo kwa kuvitazama dukani.

Boksi na kilichomo ndani

Suala la vipuri ndilo linalowatia hofu wengi wanaotaka kujitegemea. Katika maduka ya Gerezani, Shauri Moyo na Kariakoo kipuri kimoja huweza kuwa na bei tatu au nne, na muuzaji huziita zote "orijino" kutegemea uso wa mteja.

Kampuni zinazounda malori hazitengenezi kila kitu. Vifaa vya breki za upepo hutoka kwa watengenezaji kama Knorr-Bremse na Wabco, filta kwa wengine kama Mahle na MANN, beringi kwa SKF na wenzao. Kampuni hizi huviuza vifaa vyao pia kwa majina yao wenyewe, bila nembo ya lori na kwa bei ya chini kuliko ya wakala. Mmiliki anayezijua namba za vipuri vyake na jina la mtengenezaji wake halisi hupata ubora uleule bila kulipia boksi.

Tatizo ni bidhaa bandia zilizofungwa kwenye boksi lenye jina hilohilo. Filta bandia ya oili ni mfano mzuri, kwa kuwa haigunduliki kirahisi. Ikiziba, valvu ya dharura hufunguka ili injini isikose oili, na oili chafu huzunguka bila kuchujwa huku geji ya dereva ikionyesha kila kitu kiko sawa. Madhara huonekana baada ya miezi, kwenye beringi za krenki, wakati duka limekwisha kusahaulika. Kununua kwa msambazaji mmoja anayetoa risiti na anayekubali kurudishiwa bidhaa kuna thamani kuliko punguzo la siku moja.

Dhamana na daftari

Kwa lori jipya hesabu ni tofauti. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni za ushindani za mwaka 2010 zinawakinga wenye magari dhidi ya kupoteza dhamana kwa sababu tu wamehudumiwa nje ya mtandao wa wakala. Mnunuzi wa Dar es Salaam asijiegemeze kwenye kanuni za huko. Auisome hati yake mwenyewe, hasa vifungu vya vipindi vya sevisi, aina ya oili na nani anaruhusiwa kufungua nini. Ikiwa hati inamtaka wakala, injini au gia boksi ikifa mwaka wa kwanza akiwa hana muhuri wake kwenye kitabu, atalipa mwenyewe kitu kinachoweza kukaribia thamani ya lori la mtumba.

Baada ya dhamana, kinachobaki kuwa kinga ni daftari. Tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa, namba ya kipuri, lita, jina la fundi, na bei. Wakala huyahifadhi haya kwenye kompyuta, na kwa kweli hiyo ni sehemu ya anachouza. Yadi nyingi binafsi haziyahifadhi kabisa, na ndiyo maana fundi akihama huondoka na historia ya magari kichwani mwake.

Mwenye lori moja hana sababu ya kujenga karakana. Afanye oili, filta, grisi na ukaguzi wa breki kwa fundi mmoja anayemfahamu, na vingine avipeleke kwa wenye vipimo. Anayefikisha magari kumi anaweza kumlipa fundi wa kudumu aliyesomea, kwa mfano mhitimu wa VETA, pamoja na kompresa, jeki nzuri na spana ya kupimia nguvu ya kukazia. Wenye magari 50 na kuendelea wana karakana zao tayari, na kwao ubishi huu ulikwisha zamani. Baadhi hata hufunga mashine za kupimia za kampuni husika.

Mawakala nao wamekuwa wakiuza mikataba ya matengenezo, ambapo mmiliki hulipa kiasi maalumu kwa kila kilomita na wakala kubeba sevisi zote na, kutegemea mkataba, hata ukarabati mkubwa. Wengi huikataa kwa sababu bei inaonekana kubwa, lakini hawana cha kuilinganisha nacho. Mwenye daftari la mwaka mmoja hujumlisha oili, vipuri, mafundi, magari ya kuvuta na siku zilizopotea, hugawanya kwa kilomita zilizotembea, na kupata namba yake mwenyewe. Ndiyo namba ya kwenda nayo mezani kwa wakala.